Nani Amefuta Ukuta wa Kona?

Mlango wa darasa la chekechea ulikuwa bado wazi, na yule mwanamke mwenye miwani alikuwa bado amesimama kizingitini, akiwatazama watu wazima tisa waliokalia viti vya watoto wa miaka minne.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na wengine mkanuna. Kuna msomaji mmoja amelalamika kwamba nilikatiza makusudi ili anunue gazeti tena. Ni kweli. Sasa umeshalinunua, kaa vizuri.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo tu: kamati ya polisi jamii ilikutana Jumamosi saa nne asubuhi, ajenda moja. Kura ipigwe, wanawake wa kona wafukuzwe kuanzia Jumatatu. Hao ni wale wanaosimama jioni pembeni ya barabara wakisubiri magari ya wanaume wenye haja zao. Barua ya kamati iliwaita makahaba mara kumi na moja katika ukurasa mmoja. Na huyu aliyesimama mlangoni alikuwa mmoja wao. Mtaa unamwita Miwani.

"Nauliza tena," akasema. "Nani amefuta ukuta wangu?"

Kiti cha Mama Saluni, yule msusi wetu, kikalia kwa uzito.

Mwenyekiti akasimama. Huyu ni mama, mwalimu mstaafu, miaka ishirini na tisa ya chaki, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha hukaa wima akikohoa.

"Ukuta wako tangu lini? Ule ni ukuta wa ghala bovu. Kamati imeupaka rangi nyeupe Jumatano, kwa ajili ya usafi wa mtaa. Halafu wewe, watu hubisha hodi."

"Hodi."

"Karibu," Mwalimu akajibu kwa mazoea, halafu akajing'ata ulimi. Lakini neno limeshatoka. Miwani akaingia.

"Jamani, jamani!" Mama Saluni akapaza sauti. "Kikao cha watu na heshima zao! Mimi siwezi kukaa chumba kimoja na mtu wa namna hii."

"Shikamoo, dada," Miwani akamwamkia kwa adabu. "Ijumaa nikija kusuka nipitie mlango wa nyuma kama kawaida?"

Mama Saluni akakumbuka ghafla kwamba kwenye simu yake kuna jambo la haraka sana la kusoma. Wajumbe wawili wakaangalia dari ili wasicheke.

"Naomba iandikwe," Katibu akasema, huku anaandika mwenyewe, "kwamba aliyeingia si mjumbe."

Mnamfahamu Katibu. Karani wa bohari, kola imenyooka, rula mfuko wa shati. Kumbukumbu zake za kikao hazikosi kitu. Nani amekohoa, nani amepiga miayo, yote yamo, na mambo muhimu huyapigia mstari kwa rula. Mwalimu anampenda kwa mwandiko tu.

Ndipo Sajenti wetu akaamka. Huyu kijana wa polisi, kama nilivyowasimulia, alitoka kwenye mafunzo ya wiki moja akarudi na fomu, na majuma mawili sasa anatembea nayo kwa baiskeli kama mtu anayetafuta michango ya harusi. Fomu ina maswali manne: Nani? Wapi? Lini? Kwa nini? Matatu ya kwanza kamati iliyajibu kwa dakika tano, tena kwa matusi ya ziada. La nne lilikuwa bado jeupe.

"Dada, kaa," Sajenti akamwambia. "Nina swali moja. Mtaa huu una kona kumi. Kwa nini mnasimama ile?"

Miwani akamtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo.

"Afande, nina miaka sita barabarani. Nimekamatwa, nimefukuzwa, nimehubiriwa, nimeombewa. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Mimi nimekuuliza."

"Pale kuna taa. Kutoka sokoni mpaka kwenye reli, ni ile moja tu inayowaka. Chini ya taa unaisoma namba ya gari. Zamani tulikuwa sokoni, mkatufukuza. Tukahamia kituo cha mafuta, mkatufukuza. Sasa mkitutoa pale tutakwenda nyuma ya ghala, kwenye giza. Hatutaisha, afande. Mtakuwa hamtuoni tu."

Sajenti akaanza kuandika. Kwa mara ya kwanza fomu ile ilipata kazi.

"Na ukuta?"

"Ukuta ndio ulinzi wetu. Mwenzangu akipanda gari, mimi naandika namba ya gari pale kwa chaki. Akirudi salama, naweka tiki. Akirudi analia, naweka alama ya kosa, wengine wote wakija wanajua hilo halipandwi."

"Tiki na kosa," Mwalimu akarudia polepole, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Jumanne jioni, mdogo wangu yule mnayemwita Kicheko alipanda gari lenye vioo vyeusi. Jumatano alfajiri waokota makopo wakamkuta mtaroni. Taya limevunjika, sasa hospitali wamelifunga kwa waya. Mkono wa kuandikia umevunjika. Hasemi, haandiki, na ni yeye tu aliyeiona sura ya mtu huyo. Nikamkimbiza hospitali. Mchana nikarudi, nikaiwekea namba ile alama ya kosa. Jioni nakuja na wenzangu niwaonyeshe, nakuta ukuta mweupe pe!"

"Hukuishika kichwani?" akauliza Sajenti.

"Kwa jioni moja zinapita namba ishirini. Ukuta ndio uliokuwa kichwa changu." Akamgeukia Sajenti. "Mtu yule atarudi. Wa namna ile hurudi. Na sisi hatujui gari lipi la kukataa."

Hapa na mimi niliweka utani pembeni. Mama Saluni aliweka simu chini na kusahau kujifanya anasoma. Kicheko alikuwa akisuka kwake pia, na alikuwa akicheka mpaka kichana kinaanguka.

"Masikini," Katibu akasema kwa upole. "Kwa ajili ya kumbukumbu, mgonjwa yuko wodi gani? Kamati ingependa kutuma salamu za pole."

Miwani akasita.

"Sema tu, dada," Sajenti akamtia moyo. "Humu tuko wenyewe."

Ishikeni kauli hiyo ya Sajenti.

"Wodi namba tatu. Kitanda cha dirishani."

"Na nani anakaa naye?"

"Mimi. Lakini leo nimekuja huku."

Katibu akaandika. Akatoa rula, akapiga mstari.

Sajenti akashusha pumzi. "Bila namba sina pa kuanzia. Magari yenye vioo vyeusi ni mengi mno."

Basi ndipo Mwalimu akavuta mkoba wake. Aliupekua taratibu: miwani ya akiba, leso, kalamu nyekundu, pipi za kikohozi. Mwisho akatoa daftari la mistari, jalada la bluu.

"Mimi," akasema, "sijawahi kufuta ubao kabla haujanakiliwa."

Watu wakamkodolea macho.

"Msinitazame hivyo. Jumatano, yule fundi wa rangi alipochovya brashi, nilimwambia asubiri. Niliona tarakimu, tiki, makosa. Nikadhani kuna mtu anafundisha tuisheni pale ukutani, tena anafundisha vibaya, maana majibu yametapakaa bila maswali! Nikasema nitanakili yote, nimtafute mtu huyo nimkemee. Nilinakili nimesimama kwenye jua, nusu saa nzima."

Hebu fikiria. Katika mtaa mzima, ni mtu mmoja tu anayeweza kufanya ujinga wa namna hiyo, na ndiye aliyesimamia ukuta ukipakwa.

Darasa likalipuka kwa shangwe. Mama Saluni alipiga makofi mpaka bangili zikagongana. Miwani akaanguka kwenye kiti cha karibu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa, akaivua tena.

"Mungu akuzidishie, mama," akasema. "Mungu akuzidishie."

"Naona mgeni rasmi anakaribia," Katibu akasema, akisimama. "Endeleeni tu, nikampokee." Akaziacha kumbukumbu zake juu ya kiti, akatoka. Ni mtu wa adabu, nani angemshangaa?

Mgeni rasmi mnamjua kwa sifa. Ni mkwe wa Mwalimu, mume wa binti yake wa pekee. Ndiye aliyetoa ndoo za rangi, na leo alikuwa analeta filimbi na tochi za doria. Mwalimu amemsifu mkwe huyo kwenye kila kikao mpaka wajumbe wanajua namba ya viatu vyake.

"Soma zile zenye kosa tu," Sajenti akaomba.

Mwalimu akafungua daftari. Akasoma kwa ile sauti ya imla. "Mia mbili na tisa."

"Huyo mlevi," Miwani akajibu. "Anatukana, hapigi. Na gari lake ni bovu, lina vioo vya kawaida."

"Mia nane na sabini."

"Huyo anawaacha watu porini warudi kwa miguu. Siye."

"Mia moja kumi na nne."

"La mizigo hilo. Siyo."

Mwalimu akafunua ukurasa. Macho yakashuka mstari mmoja, yakasimama. Akalifunga daftari.

"Basi," akasema. "Ni hizo."

Nje, honi ikalia mara mbili, taratibu, namna mtu anavyopiga honi akifika nyumbani kwa mama mkwe.

Mimi nakuambia wewe tu, usimwambie mtu: namba ya nne Mwalimu aliijua kuliko namba yake ya pensheni. Kila mwezi gari lenye namba hiyo humchukua getini kumpeleka kliniki ya macho. Anapolisubiri huisoma namba kwa mbali ili ajipime kama anaona vizuri. Mwezi uliopita aliisoma akiwa hatua thelathini, akafurahi siku nzima.

"Mama," Miwani akasema, "alama za kosa zilikuwa nne. Umesoma tatu."

"Labda nilinakili vibaya."

"Wewe?" Mama Saluni akadakia. "Wewe Mwalimu unakili vibaya? Mimi ulinisimamisha nje juani kwa kuruka swali la mwisho. Nikakuambia sikuliona, ukasema nimeliona ndiyo maana nimeliruka!"

Alisema hivyo kwa utani, masikini, hakujua anachokisema. Lakini Mwalimu alibadilika uso.

Akamtazama Miwani kwenye kiti kidogo. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe nchani, kwa chaki. Mwalimu aliishi na vidole kama hivyo miaka ishirini na tisa. Akamfikiria binti yake mwenyewe, nyumbani, na mume anayempenda. Akamfikiria huyu mwingine mwenye waya mdomoni. Moyo ulimwuma hasa, na nisiwafiche, kwa dakika nzima alitamani lile daftari liungue moto.

Halafu akalifungua.

"Mia sita thelathini na nane," akasoma, kwa sauti ileile ya imla. "Rangi ya fedha. Vioo vyeusi."

"Ndilo!" Miwani akaruka. "Ndilo hilo! La rangi ya fedha!"

Sajenti alikuwa ameinua kalamu. "Mwalimu, rangi haikuandikwa ukutani. Umeijuaje?"

"Nimeijua kwa sababu ni gari la mkwe wangu."

Sajenti akafunika kalamu.

Nyayo zikasikika kwenye kokoto. Mlango ukasukumwa kwa bega, akaingia Mkwe, boksi mikononi, jasho na tabasamu.

"Shikamoo, mama! Jamani poleni, nimewachelewesha, foleni."

Mwalimu hakuitikia. Tangu amwoze binti yake hajawahi kuacha shikamoo ya mkwe ikaanguka chini.

"Mwalimu, niachie mimi hili," Sajenti akanong'ona, akiinuka.

"Kaa chini."

Sajenti akakaa. Sare na cheo vyote vikakaa.

"Jumanne jioni," Mwalimu akamwuliza mkwe wake, "gari lako lilikuwa wapi?"

"Jumanne?" Mkwe akaweka boksi juu ya meza ya watoto. Akaangalia nyuso zile, tabasamu likaanza kumtoka. "Kuna nini, mama?"

"Nimekuuliza swali. Lilikuwa wapi?"

"Si wewe mwenyewe ulinipigia simu? Ukasema nimwazime Katibu, akabebe ndoo za rangi stoo azilete huku. Akaja kulichukua saa kumi na mbili. Akalirudisha Jumatano asubuhi, tena limeoshwa mpaka viti vya nyuma. Nikamwambia mke wangu, huyu bwana ana adabu, si kila mtu anarudisha gari la watu hivyo."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. Furaha ilimjia kwanza, siyo mkwe, siyo mume wa mwanangu, na kabla hajaimeza likaja wazo jingine likampiga palepale: yeye ndiye aliyepiga ile simu. Gari lile liliazimwa kwa neno lake.

"Rangi ile," Mama Saluni akasema kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia kwake, "ilikuwa ya uzio wa hapa chekechea. Jumatano ni Katibu aliyesema tuanze na ukuta wa kona. Mimi nikaunga mkono. Nilinyoosha mikono yote miwili."

Watu wote wakageuka kuangalia kiti cha Katibu. Kilikuwa na karatasi tu.

"Katibu yuko wapi?" Sajenti akauliza.

"Tumepishana hapo nje," Mkwe akajibu. "Ameniomba funguo za gari. Amesema mmemwagiza maji ya kunywa."

"Nani kamwagiza?"

Hakuna aliyemwagiza. Nje, gari likawashwa.

Walisukumana dirishani, dirisha lenyewe la chini, la kimo cha watoto, wakainama wote pamoja. Gari la rangi ya fedha lilikuwa linatoka getini. Madukani ni kulia. Lilikunja kushoto.

"Kushoto kuna nini?" akauliza Mkwe, maana yeye si mtu wa mtaa huu.

Sajenti alishatoka mbio kuelekea kwenye baiskeli yake, na simu ya upepo mkononi inakoroma bila kujibu.

Miwani hakwenda dirishani. Alikuwa ameinama kwenye kile kiti kidogo, ameziinua kumbukumbu za kikao karibu kabisa na uso. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli, Mwalimu hakukosea kuusifu. Mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa rula mara mbili, na Miwani akausoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto anayejifunza:

"Wodi namba tatu. Kitanda cha dirishani. Hana wa kumlinda."